Tuhesabu Pia Waliochelewa

Idadi ya wanaogundulika na VVU ikishuka, wakubwa hupiga makofi. Mimi sipigi. Aliyegundulika mwaka huu huenda ameishi na virusi miaka minane. Na idadi yaweza kushuka kwa sababu tu tumepima wachache.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022–2023 ulionesha kuwa asilimia 82.7 ya watu wazima wenye VVU walijua hali zao. Kati ya hao, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa. Basi pengo kubwa haliko kwenye dawa. Liko kwenye kugundua.

Ninadai jambo moja: kila taarifa itangulize idadi ya waliogundulika wakiwa na CD4 chini ya 200, yaani kinga ikiwa imekwisha kuporomoka. Hao ndio tuliowachelewea. Tangu 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima, na kijana wa miaka 15 kupimwa bila ridhaa ya mzazi. Kisingizio kipi kimebaki?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii tumezoea kumtupia mgonjwa. Leo naielekeza kwa mwenye takwimu.