Shahada ya Muziki na Miaka ya Shufwa

Kuna mambo ambayo mtu akiyataja katika baraza za Mombasa au Lamu huonekana kama anayefanya mzaha. Mojawapo ni kusema kwamba kijana wa fulani yuko chuo kikuu akitafuta shahada ya pili ya muziki, tena si ya kupiga ala bali ya utafiti. Ataulizwa iwapo muziki nao wasomewa, kahawa itamiminwa, na mazungumzo yatarudi kwenye bei ya samaki. Siwalaumu wanaouliza hivyo. Ila baada ya siku chache za kutembea Bungoma na Kitale, kuzungumza na wanaoisomea shahada hiyo na wazee wanaohojiwa kwa ajili yake, nimeona kwamba mambo yaliyomo humo ni mazito, na baadhi yake yatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja.

Kwanza tuelewane shahada yenyewe ni nini. Katika vyuo vyetu vyenye idara za muziki, kama vile Kenyatta na Maseno, mwanafunzi wa shahada ya pili hatunukiwi kwa kuwa na sauti nzuri. Hutakiwa achague swali, aandike pendekezo, apewe msimamizi, apate kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, kisha aende nyanjani kusikiliza na kunasa sauti. Akirudi huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Kwa desturi muda wake ni miaka miwili.

Sasa tazama miaka miwili hiyo inavyogongana na Bungoma. Kwa Wabukusu tohara ya jadi haifanywi kila mwaka. Hufanywa mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Miaka ya witiri hakuna kitu. Kijana anayetahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga za chuma ziitwazo chinyimba, akiwaalika. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, akapakwa tope, na wakati wa kurudi nyumbani ndipo uimbwapo wimbo wa sioyaye. Wimbo huo una mahali pake, saa yake na watu wake. Mwanafunzi anayejiandikisha Septemba ya mwaka wa shufwa amekwisha chelewa: itambidi angoje karibu miezi ishirini na mitatu ausikie mahali pake, na wakati huo ada ya chuo inadaiwa na msimamizi anataka sura ya nne.

Afanyeje? Wengine huwalipa waimbaji wawaimbie uani, mwezi wa Machi, mbele ya kinasa sauti. Wazee kadhaa niliokutana nao upande wa Kimilili hawataki kabisa kusikia habari hiyo. Wanasema sioyaye isiyo na mtahiriwa ni kelele, na tayari wana uchungu kwa kuwa wimbo huo siku hizi huimbwa kwenye mikutano ya kisiasa na viwanja vya mpira. Binafsi naona haki iko kwa wazee. Utafiti wa wimbo uliotolewa mahali pake ni kama kueleza swala ya Idi kwa kumtazama mtu mmoja akisimama na kurukuu chumbani. Lakini mwanafunzi naye hana kosa. Kalenda ya chuo haikutungwa na mtu aliyepata kuhesabu miaka kwa rika za Kibukusu, ambazo ni nane na huzunguka kwa muda wa karibu karne nzima.

Yako pia mambo ya ala. Litungu la Wabukusu ni kinubi, kwa kawaida chenye nyuzi saba, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama. Siku hizi utakuta za nailoni. Msomaji wa pwani asidhani kwamba ala za ukoo huu ni mambo ya bara tupu. Tambura inayopigwa Oman, Bahrain na Kuwait ni ya ukoo huo huo, ilifika Ghuba pamoja na watu waliotoka Sudan na Nubia, na huenda hata neno letu kinubi latueleza habari hiyo.

Taabu ya mtafiti huanza anapotaka kuliandika litungu kwa noti za Kizungu. Noti zile zilitengenezwa kwa ala za Ulaya, na mpigaji wa litungu hukaza nyuzi zake kwa kufuata sikio lake na sauti ya mwimbaji. Wapiga udi wetu wanalijua tatizo hili vizuri: ukitaka kuiandika bayati au rasti kwa noti za piano, sauti fulani huanguka katikati ya vidole viwili na hazina pa kukaa. Hapo ndipo mtu atambuapo kwamba kusikiliza ni elimu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa juu ya muziki akipima nyuzi na nafasi za sauti kama mwanahesabu. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya hukumu ya kupiga ala, nami si mwenye kutoa fatwa. Kuchunguza ni jambo jingine, na Waislamu walilifanya zamani.

Kitale nilikuta swali tofauti. Baada ya uhuru Wabukusu wengi walihamia Trans Nzoia kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi, wakakaa jirani na Wasabaot, Wanandi na Wapokot. Je, wimbo uimbwao huko ni ule ule wa Bungoma? Mwanafunzi mmoja ameligeuza hilo kuwa tasnifu yake, na naona amechagua vyema, maana jibu haliwezi kupatikana maktabani. Anakwenda kwa pikipiki shamba hadi shamba, huku zawadi yake ni sukari na majani ya chai. Busaa huletwa pia, na mwenziwe Mwislamu hukaa pale na kikombe cha chai bila mtu kumtia aibu.

Halafu kuna sheria. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii iridhie kwanza kabla vitu vyake havijatumiwa, na kaunti ziweke daftari la vitu hivyo. Ni sheria nzuri. Lakini nani atie sahihi kwa niaba ya Wabukusu wote? Mzee mmoja? Chifu? Kaunti ya Bungoma au ya Trans Nzoia? Wanafunzi niliowauliza hupeleka karatasi kwa mwimbaji mwenyewe, naye hutia kidole gumba, na mambo huishia hapo.

Haja ya wasomi hawa imezidi. Mwaka 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilianza masomo yenye mkondo wa sanaa na michezo, na muziki umo. Walimu watatoka wapi, na watafundisha kwa vitabu gani?

Tena tujiulize sisi. Maulidi ya Lamu hufuata mwezi wa mfungo sita, na mwezi huo hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa miladi. Ratiba ya chuo haiujui. Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki 2017, aliwafundisha watafiti wengi kutoka Ulaya na Marekani ushairi na utamaduni wetu. Je, kanda na madaftari ya wageni kama hao yaliyohifadhiwa ng'ambo, wangapi kati yetu wamepata kuyaona? Vijana wa Bungoma angalau wameanza kurekodi ya kwao wenyewe.

Yule wa Kitale amekubaliana na msimamizi wake aahirishe masomo kwa mwaka mmoja, hadi Agosti ya shufwa ifike. Mzee anayempigia litungu amemwekea sharti moja tu: atakachonasa akirudishe, kiingizwe kwenye simu ya mjukuu wake.