Binamu wa Karafuu Anaishi Blacktown

Kwenye podikasti wiki hii tuliongea kuhusu mambo ya kazini tunayoshindwa kuwaelezea wazazi kwa Kiswahili. Mimi nilicheka tu, sikuchangia. Ukweli niliona aibu. Nina shahada mbili za sayansi ya mimea, nafundisha wanafunzi magonjwa ya miti, na mpaka juzi mama alikuwa anawaambia watu eti nafanya kazi bustanini.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Mama alikuwa anajiandaa kwenda Pemba kumwona mjomba. Nikaenda kwake Blacktown kumsaidia kupima mizigo. Ndani ya sanduku, katikati ya khanga, nikakuta kitambaa kibichi kimefungwa uzi. Kufungua: vitawi vitatu vya lilly pilly, ule mti wa uzio unaouona mitaa yote hapa Sydney.

"Mama, hivi vya nini?"

"Vya mjomba wako. Matunda yake yananikumbusha zambarau. Atavipanda karibu na mikarafuu yake."

Nikatoka nje kuuangalia uzio wenyewe. Majani machanga yalikuwa na unga wa manjano, kama mtu kamwaga binzari. Moyo ukanipiga paa.

Kwa Kiingereza, unga ule naweza kuuzungumzia saa nzima. Kwa Kiswahili nikaishia, "Mama, ni ugonjwa. Mbaya." Akanitazama tu. "Mti gani usiougua, mwanangu?"

Nikaingia jikoni, nikachukua karafuu moja kwenye kopo la viungo, nikaiweka karibu na ua la lilly pilly ambalo halijafunguka. Karafuu, kama mama anavyojua kuliko mimi, ni ua lililochumwa kabla ya kuchanua. "Tazama kichwa, tazama shingo," nikamwambia. Akavaa miwani.

"Kumbe ndugu hawa!"

Ndugu kweli. Lilly pilly, mkarafuu na mzambarau wote ni wa jenasi moja, Syzygium. Mpera na mkaratusi wamo kwenye ukoo huohuo kwa upana wake, Myrtaceae. Na unga ule ni kutu, yaani kuvu inayoshambulia ukoo huo. Wanasayansi waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1884, kwenye mpera huko Brazili. Aprili 2010 ikaonekana Central Coast, kaskazini mwa Sydney. Mwaka 2013 ikaripotiwa Afrika Kusini. Hapa Australia imeshakutwa kwenye aina zaidi ya 350 za mimea.

Inapenda majani machanga. Mti ukichipua, unaliwa. Ukichipua tena, unaliwa tena, mpaka unachoka. Rhodamnia rubescens, mti uliokuwa wa kawaida kwenye misitu ya New South Wales, sasa uko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Na vumbi lake linasafiri kwa upepo, kwa nguo, kwa mkasi wa bustani, na kwa kitawi kilichofichwa kwenye khanga.

Hiyo ya mwisho ndo iliyomkalisha mama chini. Sare zake za shule zilinunuliwa kwa karafuu ambazo bibi alizianika kwenye majamvi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ningempelekea ndugu yangu msiba kwa mkono wangu mwenyewe?"

Vitawi tukavitia kwenye mfuko wa plastiki, tukaufunga, tukatupa. Ukiona unga huo kwenu, usiuguse wala usitikise tawi. Piga picha. Ukishaugusa, oga na ufue nguo kabla hujaingia bustani nyingine. Na usibebe mmea kuvuka mpaka bila cheti cha ukaguzi wa mimea, hata kama ni zawadi ya ndugu.

Jioni ile mama akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wenzake: "Jamani, ule uzio wenu ni ndugu wa karafuu, na umepata ndui. Msimbebee mtu." Sekunde kumi hivi. Mimi natumia slaidi arubaini.

Nimekuwa nikiwaza hilo tangu siku ile. Vipeperushi vya kutu hii nimevisambaza kwa miaka. Lakini mwenye shamba la mikarafuu kwenye familia yetu ni mjomba, mwenye sanduku ni mama, na mwenye habari nilikuwa mimi, nimekaa nayo kimya kwa kuogopa kukosea ngeli.

Siku ya safari nilimpeleka uwanja wa ndege. Mjomba amepelekewa chupa mbili za jemu ya lilly pilly, iliyochemshwa vizuri. Mama ameniagiza niandike lebo kwa Kiswahili. Nimeandika: "Ndugu yake karafuu. Kula, usipande."