Sinema ya Shilingi 20



Leo nataka tuzungumze kuhusu sinema. Najua wengine wenu mmeshtuka, maana mmelelewa kama mimi, kwa mafundisho kwamba mtu aliyeokoka na sinema ni mafuta na maji. Chuo cha Biblia nilikosomea kulikuwa na mwalimu aliyeita runinga sanduku la shetani. Miaka mingi baadaye nilimtembelea kwake, nikamkuta anatazama mpira. Sikusema neno, nikavuta kiti.

Wiki iliyopita kijana mmoja fundi wa mawe aliniandikia. "Pasta, jioni za Mandera ni ndefu. Nikitoka kazini nafunga mlango, natazama filamu kwa simu mpaka usingizi unichukue. Je, ni dhambi?"

Sikumjibu hilo. Nilimwambia, "Ndugu yangu, fungua taarifa yako ya M-Pesa, uhesabu ni pesa ngapi zimeingia kwenye bando mwezi huu." Alikaa kimya saa nzima. Kisha akaniandikia tarakimu tu: 3,100. Chini yake akaongeza nyingine: 2,000. Hiyo ya pili ndiyo aliyomtumia mama yake nyumbani mwezi huo huo.

Mpendwa, sikuandika haya ili nimwaibishe. Amenipa ruhusa, na ninyi hammjui. Nimeandika kwa sababu wengi wetu tuliokuja huku kufanya kazi, walimu, wauguzi, mafundi, sisi wa "down Kenya" kama tunavyoitwa, tunaishi hivyo hivyo. Na kuna sababu. Tusijifanye hatuijui. Novemba 2014 watu 28 walitolewa kwenye basi lililotoka hapa Mandera wakauawa. Siku kumi baadaye, usiku, wachimba mawe 36 waliuawa kwenye machimbo yao. Amri ya kutotoka nje usiku ikawa sehemu ya maisha ya mji huu. Mtu aliyepitia miaka ile akifunga mlango jua likizama, mimi si wa kumlaumu. Mlango wangu pia nafunga.

Lakini tazama kinachotokea nyuma ya milango hiyo. Ploti moja ina vyumba vitano. Kila chumba kina simu moja, na kila simu bando lake. Wakati mwingine wote watano wanatazama filamu ile ile, kila mmoja na kioo chake kidogo kama kiganja, na ukuta wa tofali moja katikati yao. Wamelipa mara tano. Na asubuhi hawana hata cha kuzungumza, kwa sababu hakuna anayejua kwamba jirani yake alicheka mahali pale pale.

Nilipokuwa mtoto, gari la sinema lilikuwa linakuja uwanja wa shule. Wanafunga shuka jeupe, jenereta inanguruma, kijiji kizima kinakaa chini. Hata filamu ya Yesu, ile ya 1979, niliiona hivyo kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeketi upande wa nyuma wa shuka kwa sababu mbele palijaa. Kila kitu nilikiona kinyume, mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Hatukutoa hata senti. Na ninakumbuka filamu ile kuliko mia moja nilizotazama baadaye peke yangu.

Kwa hiyo hapa kwetu tumeanza jambo dogo. Jumamosi alasiri, jua likiwa bado juu, tunakutana nyumba ya mmoja wetu mwenye runinga. Kila mtu anatoa shilingi 20. Tukiwa kumi na wawili ni 240. Nyingine zinanunua bando, nyingine sukari na njugu. Maziwa ya ngamia ya chai analeta mwenye nyumba, na asiyeyapenda atayazoea. Wiki ambayo mifuko imekauka tunatazama kinachoonyeshwa bure. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, ukishanunua king'amuzi cha chaneli za bure hulipi tena kila mwezi, na vipindi vya Kiswahili vimo. Kiingilio hatutozi, hizo 20 ni za chai na bando. Ukianza kutoza watu ili watazame, hiyo sasa ni biashara, na biashara ya kuonyesha filamu Kenya inataka leseni. Nasema hivi kwa sababu kuna ndugu mmoja mwenye akili ya biashara ambaye tayari alikuwa ameanza kupiga hesabu.

Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Nafuu si sawa na kuiba. Yale maduka ya kukujazia flashi kwa bei ya andazi yanapendwa na wengi, na mimi nilikuwa mteja. Nilikuwa na flashi yenye filamu zaidi ya mia moja, na hakuna hata moja ambayo mtu aliyeitengeneza alipata shilingi yangu. Nilikuwa nahubiri juu ya mizani ya udanganyifu huku flashi iko mfukoni. Kilichonitoa huko ni kijana aliyekulia mikononi mwetu kanisani, akapata kazi ya kubeba taa kwenye filamu Nairobi. Aliniambia filamu yao ilikuwa inauzwa barabarani kwa shilingi 50 wiki ile ile ilipotoka. Kazi ya pili hakuitwa, maana aliyewaajiri hakuwa na pesa ya kutengeneza nyingine. Ukikosa pesa ya kulipia filamu, tazama ya bure. Zipo nyingi za halali kuliko utakavyomaliza.

Sasa niwaambie kuhusu filamu tuliyoitazama mwezi uliopita. Inaitwa Watu Wote. Ina dakika 22 tu. Ilitengenezwa 2017 na wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani, ikiongozwa na Katja Benrath, pamoja na waigizaji wa Kenya, na mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi zilizoteuliwa kuwania Oscar. Haikushinda. Lakini inahusu barabara yetu.

Mnaikumbuka Desemba 2015, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuja hapa, likavamiwa karibu na El Wak. Wauaji wakataka abiria watenganishwe kwa dini. Waislamu wakakataa. Akina mama waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Nairobi Januari 2016. Muislamu, amekufa kwa ajili yetu sisi wa basi lile. Kwenye filamu kuna mwanamke Mkristo, Jua, ambaye amewahi kupoteza mume na mtoto mikononi mwa wauaji kama hao. Anapanda basi akiwachukia wote waliomzunguka.

Siku ile jirani yangu, mama wa Kisomali, alikuja kurudisha sufuria. Tukamkaribisha chai. Akaketi mlangoni, akasema anakaa kidogo tu. Ilipofika pale Jua anafunikwa na abiria mwenzake, yule mama alishika mtandio wake mwenyewe kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka mwisho. Hakuna aliyezungumza. Nilihesabu dakika kama tatu za kimya, na mimi ni mchungaji, kimya kinanipa tabu. Kisha akasema, "Kaka yangu alikuwa dereva barabara hiyo." Akaanza kutusimulia.

Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka minne. Sikuwahi kujua ana kaka.

Yule fundi wa mawe alikuwa pale pia. Alitoa shilingi 20 zake. Usiku ule hakununua bando, aliniambia alikuwa bado anafikiria stori za yule mama. Na Jumamosi iliyofuata alikuja na wenzake wawili wa ploti.

Inayofuata, nikishapata njia halali ya kuilipia, ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Ni ya msichana mgonjwa mwenye miaka tisa anayependa sana filamu za mashujaa, na kijiji kinachoungana kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Mje na watoto, na mje na leso. Mama jirani ameshaniuliza ni lini, na kama dada zake wanaweza kuja. Nimemjibu kwamba viti ndivyo vimepungua, mioyo haijapungua.

Nyumba na saa sitaandika hapa, mnajua sababu. Nitatuma kwenye kundi letu Ijumaa. Mwenye kiti cha ziada aje nacho.

Mchungaji wenu, Mandera