MKATO MDOGO, HATARI KUBWA

Wewe mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, angalieni jambo hili. Kasongo na Kabambare, shuleni tumefundishwa kuandika namba kwa desturi ya Kifaransa: mbili na nusu ni 2,5, kwa mkato. Lakini lugha nyingi zinazotumiwa kutengeneza programu za simu na kompyuta zinataka nukta: 2.5.

Basi hutokea nini? Programu moja inakataa, pengine inajifunga. Nyingine inatupa yote yaliyo baada ya mkato, inasoma 2. Nyingine inaondoa mkato wenyewe, inasoma 25. Ile ya kwanza ni afadhali, maana umeiona. Hizo mbili zinanyamaza. Zikiwa gramu za dhahabu ya Namoya, mtu amepoteza mali yake. Zikiwa mililita 2,5 za dawa ya mtoto, ni hatari ya maisha.

Tusiseme kila mara kwamba mwandikaji amekosea. Ameandika kama alivyofundishwa. Kosa ni la programu iliyojaribiwa katika simu ya Kiingereza peke yake.

Kijana unayetengeneza programu, weka simu yako katika Kifaransa, andika 2,5, uone. Tena programu imwonyeshe mtu namba iliyosomwa kabla ya kuihifadhi.

Nawe unayeitumia, linganisha namba ya simu na ya mizani, au ya karatasi ya daktari. Zikiachana, simama! Usibonyeze tena. Mwambie mkubwa wako wa kazi, au muuguzi. Kuuliza si haya.