Siku ya Kwanza Ugenini

Wahenga walisema, "Msafiri maskini ajapokuwa sultani." Ndugu wasomaji, maana ya maneno haya haimdhihirikii mtu barabara ila siku ile aingiapo peke yake katika mji mkubwa ambao ndani yake hamjui mtu. Kwao alikuwa mtoto wa fulani. Huku si mtoto wa mtu. Fedha aweza kuwa nayo mfukoni na elimu kichwani, lakini hana wa kumwambia, "Karibu."

Jambo hili lilimpata Ibn Battuta, msafiri mashuhuri. Alitoka kwao Tangier, katika nchi ya Moroko, mwezi wa Rajabu mwaka 725 wa Hijra, yaani Juni 1325, naye ni kijana wa miaka 21, akikusudia Hija. Aliwaacha wazazi wake wangali hai, akashika njia bila ya mwenzi. Mbele kidogo alifuatana na wafanya biashara wa Tunis. Walipofika Bijaya akashikwa na homa. Akashauriwa apumzike, akakataa. Udhaifu ukamzidi hata akawa akijifunga kwa kilemba juu ya tandiko la mnyama wake, asije akaanguka.

Kwa hali hiyo ndiyo alifika Tunis. Watu wa mji wakatoka kuwalaki wasafiri. Huyu akimwamkia ndugu yake, yule akimwuliza rafiki yake habari za njiani. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwani hapakuwa na amjuaye. Machozi yakamshinda, akalia sana. Hapo mmoja katika mahujaji akafahamu kinachomliza, akamwendea, akamsalimu na kuzungumza naye kwa upole mpaka wakaingia mjini. Akapata makazi katika madrasa ya wauza vitabu.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, habari za safari zake ziliandikwa na kutimizwa mwaka 1355, miaka 30 baada ya siku ile. Katika muda huo alikwisha keti na masultani na kuwa kadhi Delhi na Maldivi, lakini salamu ile hakuisahau. La pili, ulipoundwa msafara wa kutoka Tunis kwenda Hijazi, kijana yule yule aliyekuwa akilia ndiye aliyefanywa kadhi wake. Basi tusimpime mgeni kwa siku yake ya kwanza.

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki nayo ina sifa yake katika habari hizo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu, aliwaona vijana wa mji wakiiendea jahazi kwa mashua, kila mmoja na chakula kilichofunikwa. Kijana alimpa chakula mfanya biashara mmoja, akasema kuwa huyo ni mgeni wake. Mgeni hakukanyaga nchi kavu ila anaye mwenyeji wa kumlaza na kumsimamia katika kuuza na kununua.

Leo vijana wetu hushuka Cairo, Istanbul au London kwa ndege, na mtu wa kwanza kuwasemesha ni askari wa pasipoti. Kwa hiyo wewe kijana unayesafiri, jitayarishe kabla ya kuondoka. Andika anwani ya uendako katika karatasi, usitegemee simu peke yake, maana moto wake waweza kuzimika. Usiweke fedha zote mahali pamoja. Ukifika, wapashe habari wazazi wako kwanza, kwani hawalali. Kisha uliza msikiti ulio karibu. Baada ya sala hutakosa wa kukupa mkono. Wala usione haya kuuliza njia, lakini mzigo wako usimpe usiyemjua. Na machozi yakikujia usiku ule, si aibu. Yalimjia aliyekuwa mkubwa kuliko sisi.

Nanyi wenyeji, mgeni ni kuku mweupe, hafichiki. Mkimwona msikitini au kituo cha basi akigeuka huku na huku, msingoje awaanze. Sheria yetu imemhesabu msafiri aliyekatikiwa njiani kuwa mmoja wa makundi manane yenye haki katika zaka. Itakuwaje basi tumnyime salamu, nayo haitugharimu hata senti? Yule hujaji wa Tunis hakutoa zaidi ya hiyo, na jina lake hatulijui mpaka leo. Lakini wema wake tunausoma.