Ireland ya Kaskazini: Polisi wapya, hofu ya zamani

Mkataba wa amani wa Ireland ya Kaskazini ulipofikiwa Aprili 1998, Wakatoliki walikuwa takriban asilimia 8 tu ya jeshi la polisi la huko, RUC, ilhali walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wananchi. Kwa wengi wao, askari alikuwa mlinzi wa upande mmoja. Kwa Waprotestanti, RUC ilikuwa ngao iliyopoteza askari wapatao 300 katika machafuko ya miaka 30.

Tume ya Chris Patten, gavana wa mwisho wa Uingereza huko Hong Kong, ilitoa mapendekezo 175 mnamo Septemba 1999. Kelele kubwa zilihusu jina, lililobadilishwa Novemba 2001, na nembo. Uzito wa ripoti ulikuwa kwingine. Iliundwa Bodi ya Polisi ya wanasiasa na raia, yenye mamlaka ya kumhoji mkuu wa polisi hadharani. Malalamiko dhidi ya askari yalikwisha kukabidhiwa, tangu mwaka 2000, kwa ofisi huru yenye wapelelezi wake, ili polisi wasijichunguze wenyewe. Kisha ajira mpya zikagawanywa nusu kwa nusu: kwa kila asiye Mkatoliki, Mkatoliki mmoja.

Mgawo huo uliitwa ubaguzi, na kwa vijana waliofaulu usaili wakaachwa kwa sababu ya dini yao, lalamiko hilo halikuwa dogo. Hata hivyo ulizaa matunda. Serikali ya Uingereza ilipouacha ukome Machi 2011, Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 30.

Tangu hapo idadi hiyo imesogea kidogo mno. Wapo wanaotaka mgawo urudishwe, na wana hoja. Ila mgawo huchagua miongoni mwa walioomba, na wengi hawaombi. Siku chache tu baada ya kukoma kwake, askari kijana Mkatoliki aliuawa mjini Omagh kwa bomu lililotegwa chini ya gari lake. Wanaoshukiwa ni wapiganaji wanaoupinga mkataba wa 1998.

Agosti 2023 jeshi lenyewe lilianika kwa makosa majina ya ukoo na vituo vya kazi vya watumishi wake karibu 10,000. Wapo askari Wakatoliki wanaoificha kazi yao hata kwa jamaa zao. Kwao, kosa hilo la karani lilikuwa suala la uhai.