Gari la Kale na Mfuko wa Umma

Tangu Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumezoea kuuzungumzia utamaduni wetu kwa kutaja ngoma, lugha, hadithi na kazi za mikono. Ni nadra kumsikia mtu akitaja lori. Hata hivyo, ni wazee wachache wa vijijini wawezao kuisimulia historia ya maisha yao pasipo kulitaja lori la kwanza lililofika kwao, jina la dereva wake, na magunia ya pamba au korosho liliyoyachukua. Kwa sababu hiyo, suala la magari ya kale na kodi zake, ambalo wengi hulidhania kuwa ni mchezo wa matajiri wa Ulaya, ni suala la utamaduni. Nasi tumeonelea tulijadili hapa pasipo kumwonea mtu haya.

Yafaa tuanzie Uingereza, ambako suala hili limekwisha kukomaa. Huko magari hulipiwa kodi ya kila mwaka. Kuanzia mwaka 1921 mwenye gari alitakiwa kubandika kwenye kioo cha mbele kikaratasi cha duara kuonyesha kwamba amelipa. Kikaratasi hicho kiliondolewa mwaka 2014, lakini kodi yenyewe ikabaki. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya huko iliamua kwamba gari lililozidi umri wa miaka 25 lisilipiwe kodi. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1997 iliusimamisha mwendo huo, msamaha ukabaki kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1973 tu. Mwaka 2014 mlango ukafunguliwa tena: gari likishatimiza miaka 40 husamehewa, na kila mwaka kundi jingine huingia. Mwenye gari bado anatakiwa kuliandikisha kila mwaka, ila hatoi hata senti moja. Tena, tangu Mei 2018, gari la umri huo ambalo halikubadilishwa sana katika miaka 30 iliyotangulia halilazimiki kupelekwa kukaguliwa kila mwaka.

Hayo si yote. Jijini London limewekwa eneo la kupunguza moshi. Lilianza katikati ya jiji Aprili 2019, na mwezi Agosti 2023 likapanuliwa hadi kuzienea wilaya zote za jiji. Gari ambalo moshi wake haukidhi kanuni hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku linayotembea humo. Tumfikirie fundi bomba mwenye gari la dizeli la mwaka 2012. Gari hilo ndilo jembe lake. Humo hubeba mabomba yake, na bila hilo hali chakula. Huyo hulipa. Jirani yake mwenye motokaa ya fahari ya mwaka 1965, isiyo na kifaa chochote cha kuchuja moshi, hupita bure, hata kama anakwenda kunywa chai tu. Wote wawili huvuta hewa moja, na moshi wa motokaa ile kongwe haupungui sumu kwa kuwa mwenyewe ameisugua ikang'aa.

Hatupendi kuwadhulumu wapenzi wa magari ya kale kwa kuzificha hoja zao. Wao husema kwamba magari hayo ni machache na hutembea siku chache kwa mwaka. Kwamba ufundi wa kurekebisha kabureta kwa sikio na kunyoosha bati kwa nyundo ungekufa kama wasingekuwapo watu wa kuutunza. Na kwamba taifa lisilohifadhi vyombo vyake litawasimulia watoto maneno matupu. Hoja hizo zina uzito. Kila mwezi Novemba magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905 hufunga safari kutoka London hadi Brighton, kuikumbuka siku ya mwaka 1896 ambapo sheria mpya iliyaruhusu magari kwenda maili 14 kwa saa. Wananchi husimama kando ya njia wakatazama bila kutozwa kiingilio. Hapo hatuna ugomvi: taifa limesamehe kodi, nalo limepata kitu.

Ugomvi wetu uko kwenye kipimo. Sheria ya Waingereza huuliza swali moja kubwa: gari lina miaka mingapi? Haiulizi limefanya nini, wala nani ataliona. Gari linalofungiwa ghalani na tajiri anayengoja bei ipande husamehewa sawasawa na basi kuukuu ambalo mafundi wa kujitolea wameliokoa lisiozee shambani. Kodi iliyosamehewa ni fedha ya umma. Serikali inapoiacha mikononi mwa mtu imenunua kitu kwa niaba ya wananchi, na mnunuzi mwenye akili hulipa baada ya kukiona anachonunua. Umri pekee si bidhaa. Kuutuza umri pekee ni kumtuza mwenye banda kubwa la kuwekea, kwa maana maskini hawezi kuliacha gari likae miaka 40 bila kazi.

Jirani za Waingereza wamekwisha kujifunza jambo hili. Uholanzi ilikuwa imeyasamehe kodi magari yaliyofikisha miaka 25. Matokeo yake watu waliagiza magari chakavu ya dizeli kutoka nchi nyingine, wakayatumia kwendea kazini kila siku, si kwa kuupenda ukale bali kwa kuikimbia kodi. Serikali ikaikaza kamba. Tangu mwaka 2014 msamaha kamili ni wa gari lililotimiza miaka 40. Na kwa magari ya petroli ambayo mwaka huo yalikuwa bado hayajafika umri huo, uliwekwa utaratibu wa mpito: mwenyewe hulipa robo ya kodi, lakini gari lisionekane barabarani miezi ya Desemba, Januari na Februari. Ujerumani nayo, tangu mwaka 1997, hutoa kibao cha namba chenye herufi ya pekee kwa gari lililofikisha miaka 30, ila kwanza mkaguzi aridhike kwamba limetunzwa vizuri na limebaki katika umbo lake la asili. Hata hivyo mwenyewe hulipa kodi, kiwango kimoja cha euro 191.73 kwa mwaka. Katika nchi hizo mbili msamaha una masharti, na masharti hayo ndiyo yanayoupa msamaha heshima.

Sasa turudi nyumbani. Sisi nasi tulirithi kwa Waingereza desturi ya leseni ya gari ya kila mwaka na stika yake kiooni. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ya Tanzania iliifuta ada hiyo, na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa hiyo hoja ya kwamba gari la kale hutembea mara chache imekwisha kupata jibu kwetu: asiyetembea hanunui mafuta, na asiyenunua mafuta halipi. Lakini jibu hilo lina upande wa pili. Mwananchi awashaye kibatari kijijini naye ameongezewa ushuru ulipofutwa ule wa wenye magari. Mtu akija leo kuomba msamaha zaidi kwa ajili ya gari lake la maonyesho, na akumbuke kwamba anamwomba pia mwenye kibatari.

Aidha, sheria zetu za Afrika ya Mashariki hulitazama gari la zamani kwa jicho la shaka. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa motokaa inayoingizwa ikiwa imezidi umri wa miaka 8. Kenya imeuweka umri huo huo wa miaka 8 kuwa ukomo wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia uingizaji wa magari yaliyofikisha miaka 15. Sisi tunaziunga mkono sheria hizo, kwa kuwa hatutaki nchi zetu ziwe jaa la vyuma vya wengine. Wala hatutaki neno urithi litumike kuwa tundu la kupenyezea magari ya anasa ambayo hayakupata kukanyaga udongo wa nchi hii.

Lakini yako magari mengine, ambayo hayatoki ng'ambo leo. Yamo humu humu, nayo yanakwisha mbele ya macho yetu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia ya mafuta, na malori kutoka Dar es Salaam yakapita usiku na mchana katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliiita jehanamu. Wako waliokufa katika barabara ile. Baadaye tuliyaona mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo wakazi wa Dar es Salaam waliyabandika jina la kumbakumba. Tuliyaona magari ya chai maharage, abiria wakitazamana juu ya mabenchi, kabla ya daladala kuruhusiwa rasmi mwaka 1983. Unguja ilikuwa na magari yenye bodi la mbao lililoundwa na maseremala wa hapo hapo. Kibaha yaliunganishwa malori ya Scania katika miaka ya 1980. Kwa kipimo cha Waingereza hayo nayo yameanza kuwa ya kihistoria. Je, ni mangapi kati ya hayo yamesalia? Mengi yamekatwa kwa gesi, yakauzwa kwa kilo kuwa vyuma chakavu, yakayeyushwa.

Ni kweli kwamba Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yamehifadhi magari ya viongozi, yakiwamo yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere. Jambo hilo ni jema. Lakini historia ya taifa haikusafiri ndani ya magari ya viongozi peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliulinda mlango wa mbao ulionakshiwa kabla ya mwaka 1940. Watunga sheria walitambua kwamba kazi ya seremala yaweza kuwa mali ya taifa zima hata kama nyumba ni ya mtu binafsi. Tunauliza: seremala aliyenakshi mlango amestahili hifadhi, aliyeunda bodi la lori amekosa nini?

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Liwepo daftari la magari ya urithi, na sifa ya kuingia humo iwe historia ya gari katika nchi hii, si umri wake wala bei yake. Gari lihifadhiwe katika umbo lake. Lisibebe abiria kwa nauli wala mzigo kwa malipo. Litoke siku za maadhimisho na maonyesho, na safari chache za kulipasha moto. Lisiuzwe nje wala lisikatwe kabla Makumbusho hayajaarifiwa. Lifunguliwe kwa wanafunzi siku zilizopangwa kila mwaka, bila malipo. Mwenye kuyatimiza hayo asamehewe ushuru wa vipuri vya gari hilo na ada za usajili wake. Asiyeyatimiza alipe kama wenzake. Ila katika ukaguzi tusiwafuate Waingereza: breki mbovu haziheshimu uzee, na mtoto anayevuka barabara hana la kujifunza kwa gari lisilosimama.

Watakuwako watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina nafasi ya kuhangaikia malori mabovu. Tunaielewa hofu yao. Ndiyo maana hatuombi fedha itolewe hazina. Ushuru wa vipuri vya magari machache ni kidogo, na hutolewa tu pale mwenye gari alipokwisha kuwatumikia wananchi kwanza. Wengine watasema kwamba gari si letu, kwani hatukulibuni. Hata bunduki ya Maji Maji ilitengenezwa ng'ambo, wala hatuiondoi katika historia yetu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na aliyezoea kukishangilia kipya hujikuta siku moja hana cha kuwaonyesha wajukuu.

Walimu wa historia na Kiswahili wanaweza kuanza kabla ya sheria yoyote kutungwa. Wawatume wanafunzi wao katika wilaya zao wakatafute gari lililolala nyuma ya gereji au chini ya mwembe. Waandike namba yake, aina yake, na mwaka wake ukijulikana. Kisha wamtafute aliyeliendesha, au tanboi wake, wamwulize lilibeba nini, lilikwama wapi, na nani walilisukuma. Kazi hiyo ifanywe upesi, kwa maana mnunuzi wa vyuma chakavu naye ana mizani yake, na hupita mitaani kila siku.